Burren, Nchi ya Mawe na Maua

Ukitoka Galway ukashika barabara inayozunguka ghuba kuelekea Clare, ukishaupita mji mdogo wa Kinvara vilima hubadilika rangi. Kijani cha malisho kinakatika, na kinachofuata ni kijivu: mawe matupu ya chokaa, tabaka juu ya tabaka, yakishuka hadi kwenye maji ya Atlantiki. Hii ndiyo Burren, kaskazini mwa County Clare, magharibi mwa Ireland. Mama yangu, aliyeketi nyuma pamoja na wajukuu wake, aliyatazama mawe hayo kwa muda kisha akauliza swali la mfugaji: "Sasa hapa ng'ombe wanakula nini?"

Swali hilo ndilo lililoongoza likizo yetu. Mama amezaliwa na kukulia Haubi, wilayani Kondoa, Tanzania, na amechunga tangu utotoni. Alikuja Birmingham, tunakoishi, kutusalimia, na likizo ya mwisho wa Mei ya shule za Uingereza ikatukuta pamoja. Badala ya kumzungusha mijini kutazama majengo, tulivuka kwa feri kutoka Holyhead hadi Dublin, safari ya saa tatu na ushei. Kutoka hapo mume wangu akaendesha gari hadi upande wa pili wa nchi, na jioni tukafika kwenye kijumba tulichopanga karibu na kijiji cha Ballyvaughan.

Kijumba chenyewe kilijengwa kwa mtindo wa zamani: kuta nene zilizopakwa chokaa nyeupe, paa la ezeko, na vyumba vilivyofuatana kwa mstari mmoja. Mlango wake umekatwa katikati. Nusu ya chini hufungwa, kuku wasiingie na mtoto mdogo asitoke. Nusu ya juu huachwa wazi ili hewa na mwanga vipite. Watoto walisimama hapo, viwiko juu ya ubao, wakipungia kila gari lililopita, na karibu kila dereva aliwajibu kwa kuinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Hiyo ndiyo salamu ya barabara za vijijini Ireland, kwa unayemjua na usiyemjua. Mama aliipenda tangu siku ya kwanza. Kwake yeye, mahali ambapo mtu hapitwi bila kusalimiwa ni mahali pa watu.

Vijumba vya namna hii vina historia yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960, vijana wakiwa wanahama vijiji vya magharibi kutafuta kazi Dublin, Uingereza na Marekani, shirika la maendeleo la eneo la Shannon lilianzisha mpango wa kujenga nyumba ndogo za kienyeji na kuzipangisha kwa wageni. Wazo lilikuwa kwamba familia itakayokaa kijijini, ikanunua maziwa dukani na samaki gatini, itaacha fedha nyingi zaidi kuliko basi la watalii linalopita bila kusimama. Ballyvaughan ni mojawapo ya vijiji vilivyopata nyumba hizo.

Sebuleni kulikuwa na meko, na kando yake kapu la mboji kavu. Mboji hiyo ni mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka katika ardhi ya majimaji. Hukatwa kwa sepetu maalumu vipande vya ukubwa wa tofali, huanikwa wakati wa kiangazi, kisha huchomwa badala ya kuni. Moshi wake una harufu nzito ya udongo inayokaa kwenye nguo. Tangu 2022 kanuni za hewa safi zimebana uuzaji wake, na nyumba nyingi zimehamia kwenye nishati nyingine. Ila Burren yenyewe, kwa kuwa ni miamba, haikuwahi kuwa na mboji ya kutosha. Zamani ililetwa kutoka Connemara, ng'ambo ya ghuba, kwa mashua nyeusi zenye matanga ya kahawia, nazo zikarudi zimebeba mawe ya chokaa ya kurutubishia mashamba yenye tindikali ya huko. Malori yaliiua biashara hiyo, lakini mashua zipo bado. Tangu 1979 hukusanyika Kinvara kila Agosti kwa mashindano.

Juu ya miamba, mwendo ni wa kutazama chini. Mawe ya Burren yalianza kama matope na magamba ya viumbe wa baharini zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, wakati kipande hiki cha dunia kilipokuwa chini ya bahari yenye joto, karibu na ikweta. Matumbawe ya wakati huo yanaonekana bado, yameganda ndani ya jiwe. Barafu za kale zilikuja zikayakwangua, na mvua imeendelea kuyayeyusha taratibu hadi yakapasuka nyufa ndefu zilizonyooka, nyingine pana za kupitisha mkono, nyingine za kumeza mguu wa mtoto.

Binti yangu alilala kifudifudi juu ya mwamba akachungulia ufa mmoja. Ndani yake, mahali ambapo upepo haufiki, kulikuwa na bustani nzima: kangaga la jani refu lisilogawanyika, jeraniamu mwitu ya waridi iliyokolea, na konokono watatu ukutani. Kando ya ufa, kwenye udongo usiozidi kina cha kidole, lilikuwapo ua dogo la bluu kali lenye petali tano, kimo chake hakimfikii mtu kifundo cha mguu. Hilo ni jentiani ya majira ya machipuko, mmea ambao kwingineko Ulaya hujulikana kwa milima mirefu ya Alpi. Hatua chache mbele, ua jeupe la driasi, mmea wa nchi za baridi kali za kaskazini. Na katika nyasi hizohizo huota okidi ndogo ambayo makazi yake makuu ni pwani za Mediterania. Takribani asilimia 70 ya aina za mimea ya asili ya Ireland inapatikana katika eneo hili dogo.

Mimea ya milimani, ya kaskazini na ya kusini inakaaje pamoja, tena karibu na usawa wa bahari? Sehemu ya jibu ni hali ya hewa: bahari huzuia baridi kali, na chokaa hutunza joto la kiangazi na kulitoa polepole majira ya baridi. Sehemu nyingine ya jibu tuliikuta langoni kwa mfugaji mmoja, mzee mwenye buti za mpira, aliyekuwa akirudisha jiwe lililoanguka kwenye ukuta wake. Mama alimsalimia kwa Kiingereza cha kujaribu. Mimi nikawa mkalimani.

Kwanza akamjibu swali lake. Ng'ombe wa hapa wanakula mawe, alisema akicheka, lakini wakati wa baridi tu.

Ndivyo ilivyo, ukiondoa utani. Katika milima mingi ya Ulaya, mifugo hupandishwa juu kiangazi na kushushwa bondeni baridi inapoingia. Burren hufanya kinyume. Kiangazi ng'ombe hubaki chini kwenye majani mabichi. Mwishoni mwa Oktoba hupandishwa kwenye vilima vya mawe, na huko hukaa hadi Aprili. Juu kuna ukavu, kwa sababu maji yote hupotelea kwenye nyufa, na ng'ombe hakanyagi tope. Jiwe bado lina joto la kiangazi. Nyasi zilizokaukia katikati ya mawe zina madini ya chokaa yanayojenga mifupa. Ng'ombe wakishakula majani yote makavu, ardhi inabaki wazi, na Mei maua madogo yanapata jua bila kufunikwa. Kabla hayajachipua, ng'ombe wameshaondoka. Mwaka unaofuata, vivyo hivyo. Wafugaji wa hapa wamefanya hivyo kwa vizazi na vizazi.

Mambo yaliyumba baada ya Ireland kujiunga na Jumuiya ya Ulaya mwaka 1973. Mabanda ya kisasa yakajengwa, ng'ombe wakalishwa majani ya akiba ndani wakati wa baridi, na wafugaji wengi wakaajiriwa mjini, wasipate muda wa kupanda mlimani kila siku kukagua mifugo. Vilima vilipokosa midomo ya kula, vichaka vya hazeli vikaanza kusambaa, na chini ya kivuli chake jentiani haioti. Wataalamu walioamini kwamba kulinda mazingira ni kuweka uzio na kumtoa binadamu walilazimika kufikiri upya, maana hapa kumtoa mfugaji kulikuwa kunaua maua.

Ndipo ulipokuja mradi wa BurrenLIFE, kuanzia 2005 hadi 2010, uliowaweka wanasayansi na wafugaji meza moja. Matokeo yake yalikuwa mpango wa malipo usio wa kawaida. Kila kiangazi mtaalamu hutembea shambani na kuliwekea kila eneo la malisho alama hadi 10, kwa kuangalia aina za maua, kiasi cha majani yaliyolimbikizana, usafi wa vyanzo vya maji na kuenea kwa vichaka. Alama ikipanda, malipo kwa hekta yanapanda. Ikiwa chini mno, hakuna malipo. Hakuna anayemwamuru mfugaji apeleke ng'ombe wangapi wala siku gani. Anaachiwa ujuzi wake, na analipwa kwa kinachoonekana ardhini. Zaidi ya wafugaji 300 walishiriki, na utaratibu huo wa alama umeingizwa katika mpango wa kitaifa wa kilimo na mazingira.

Mzee wa buti za mpira alituambia kipande chake kimoja kilianza na alama 5, na sasa kina 8. Alikitaja kama mzazi anavyotaja matokeo ya mtihani wa mwanawe.

Mama alikuwa na lake la kusema, na nilimtafsiria neno kwa neno. Kwao Kondoa udongo uliondoka, ukachimbika makorongo ya kutisha. Mwaka 1973 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaamriwa kutoka katika eneo lililomomonyoka, Haubi ikiwemo. Mama alikuwa msichana. Anakumbuka ng'ombe wa baba yake wakiswagwa kwenda kwa ndugu nje ya mpaka uliofungwa, na zizi likabaki tupu. Miti na nyasi zilirudi kweli, na hilo halikatai. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wakaanza kuruhusiwa ng'ombe wachache wa maziwa, wa kufugwa bandani. "Lakini hakuna aliyetuuliza," alisema. "Huyu ameulizwa."

Mzee aliweka jiwe alilokuwa nalo mkononi, akasema angependa kusikia zaidi. Walizungumza hadi mvua ikatufukuza.

Kitu kimoja kinawaunganisha zaidi ya walivyojua pale langoni. Chavua ya kale iliyohifadhiwa kwenye matope ya maziwa inaonyesha kwamba Burren ilikuwa na misitu ya misonobari na hazeli. Wakulima wa mwanzo waliifyeka, na udongo mwembamba, baada ya kukosa mizizi ya kuushika, ukasombwa na kuzama ndani ya nyufa. Kwa hiyo sehemu ya utupu unaopigwa picha leo ni mmomonyoko wa maelfu ya miaka iliyopita.

Wakulima hao wa kwanza wana kaburi lao. Poulnabrone iko kando ya barabara kusini mwa Ballyvaughan: mawe marefu yaliyosimamishwa wima, na juu yake bamba kubwa lililoinama kidogo. Mwaka 1985 jiwe mojawapo la mlangoni liligundulika kuwa na ufa, na kazi ya kulitengeneza ikafungua njia ya uchimbaji ulioongozwa na mwanaakiolojia Ann Lynch mwaka 1986 na 1988. Ilipatikana mifupa ya watu wasiopungua 33, wakubwa kwa watoto, waliozikwa kati ya miaka 3800 na 3200 kabla ya Kristo. Wengi wa watu wazima hawakufika miaka 30. Viungo vya mabega na shingo vilikuwa vimechakaa kwa kubeba mizigo. Nyonga ya mmoja wao ilikuwa na ncha ya mshale wa jiwe iliyovunjikia ndani.

Mwaka 2020 uchunguzi wa vinasaba uliongeza habari nyingine. Mtoto mmoja wa kiume aliyezikwa hapo, wa umri wa takribani miezi sita, alikuwa na hali ya Down, na ndiye wa kale zaidi kuthibitishwa kwa vinasaba hadi wakati huo. Alikuwa amenyonyeshwa, na alizikwa pamoja na wakubwa katika kaburi la heshima. Mwanangu, ambaye darasani kwao yuko rafiki yake mwenye hali hiyo, alisoma maelezo hayo mara mbili, kisha akaomba apigwe picha mbele ya kaburi ili ampelekee.

Magofu ya karibuni zaidi yako kila upande, nayo hayana kibao. Ni nyumba za mawe zisizo na paa, miti ikiwa imeota mekoni. Kabla ya Njaa Kuu iliyoanza 1845, ugonjwa ulipoozesha viazi, Clare ilikuwa na watu wapatao 286,000. Leo hawafiki 130,000. Ireland nzima ilipoteza takribani watu milioni moja kwa njaa na maradhi, na zaidi ya milioni moja wakahama. Barabara ya Corkscrew Hill, inayopanda kwa kona kali kutoka Ballyvaughan kuelekea Lisdoonvarna, ilijengwa wakati huo kama kazi ya msaada: watu wenye njaa walivunja mawe ili wapewe ujira wa kununua chakula. Dereva anayeipanda leo anapata mandhari nzuri kuliko zote za eneo hili, na ni vema ajue imejengwa na nani.

Mvua iliposhika, tulikaa ndani na jirani akatufundisha kuoka mkate wa soda. Unachukua unga wa ngano, chumvi, magadi ya kuokea na maziwa ya mtindi, hakuna hamira. Mama, kwa mazoea ya chapati, alitaka kuukanda, jirani akamshika mkono. Magadi yakikutana na uchachu wa maziwa yanaanza kazi papo hapo, kwa hiyo donge linachanganywa kwa vidole vilivyopanuliwa, linageuzwa mara chache, linachorwa msalaba juu kwa kisu na kuingia kwenye tanuri kabla mapovu hayajaisha. Ngano laini ya Ireland haifai sana kwa mkate wa hamira, na magadi yalipoanza kupatikana kwa urahisi katika karne ya 19, yakawa ukombozi wa kila jiko lenye sufuria na moto. Tuliula na siagi na chai. Waayalandi ni miongoni mwa wanywaji wakubwa wa chai duniani, na majani mengi yanayochanganywa kwa soko lao hutoka Kenya na Rwanda. Mama aliionja, akasema hii ni ya nyumbani.

Siku nyingine ya mvua iliishia chini ya ardhi, katika pango la Aillwee. Mwaka 1940 mchungaji wa mifugo Jacko McGann alimfuata mbwa wake aliyekuwa akimkimbiza sungura, akakuta tundu mlimani. Alikaa na siri hiyo zaidi ya miaka 30. Humo ndani ipo mifupa ya dubu, wanyama waliokwisha kutoweka Ireland. Watoto walitaka kujua mbwa alizawadiwa nini.

Kwa habari ya mbwa, walishibishwa Caherconnell, ngome ya mawe ya mviringo iliyo jirani na Poulnabrone, ambako mfugaji huonyesha kazi ya mbwa wa kuchunga kondoo. Mlio mmoja wa filimbi, mbwa anazunguka kushoto, mwingine, kulia, mrefu unaoshuka, analala chini papo hapo, macho hayabanduki kwa kondoo.

Miamba ya Moher tuliitembelea asubuhi mapema, kabla ya mabasi. Inasimama hadi mita 214 juu ya bahari na hutazamwa na zaidi ya watu milioni moja kwa mwaka, wengi wao wakitoka Dublin asubuhi na kurudi jioni. Inastahili sifa zake, na ndege wa baharini kwenye kingo zake ni maelfu. Shikeni njia iliyojengewa ukuta, hasa mkiwa na watoto, maana upepo wa pale hauna simile.

Doolin, kijiji kilicho karibu, ni cha muziki. Filimbi ya bati ya Micho Russell, aliyefariki 1994, iliwavuta wasikilizaji kutoka mbali, na Clare nzima inasifika kwa konsertina. Wapigaji huketi kwenye meza ya kawaida ndani ya baa, bila jukwaa, na anayeujua wimbo anajiunga. Kisheria watoto wanaruhusiwa wakiwa na wazazi hadi saa nne usiku kuanzia Mei hadi Septemba, na saa tatu miezi mingine. Tulipotoka kulikuwa bado na mwanga, na kutoka kwenye vichaka vya hazeli kekeo alikuwa akiita. Ndege huyu anayetaga katika viota vya wengine hukaa Ulaya miezi michache tu. Waliofungwa vifaa vya setilaiti wamefuatiliwa hadi misitu ya bonde la Kongo.

Anayetaka kuona maua aende Mei au mwanzoni mwa Juni, na viatu vyenye soli ya kushika jiwe. Anayetaka kuona ng'ombe wakipandishwa milimani achague wikendi ya mwisho wa Oktoba, wakati wenyeji wanapofanya tamasha la kuwasindikiza na wageni hukaribishwa kutembea nyuma ya kundi. Asikusanye mawe kujenga vinara vya picha: kila jiwe analoling'oa lilikuwa limekinga mmea.

Kabla ya kuondoka, Mama alirekodi ujumbe mrefu wa sauti kwa kaka yake Haubi, akamweleza kwa Kirangi habari za ng'ombe wa majira ya baridi na mashamba yanayopewa alama. Mjomba alijibu usiku huohuo. Juu ya maua hakuuliza. Alitaka kujua anayetoa alama anatoka wapi, na fedha zinatoka mfuko gani. Mama akanipa simu nimjibu: anayetoa alama ni mtaalamu aliyesomea kazi hiyo, na fedha hutolewa na serikali ya Ireland pamoja na Umoja wa Ulaya. Mjomba akataka jina la mpango huo, lote, herufi kwa herufi, alipeleke kwa bwana mifugo wa kata.